Shafti ya Kagoma na Chuma Kilichonilia Visu Vitatu

Nimestaafu nina miaka thelathini na nne. Cheka, umalize, halafu endelea kusoma. Mwaka jana chenga ya chuma iliruka ikaingia jicho langu la kulia. Limepona kiasi cha kuona njia na kuona nani anakuja kuomba chumvi, lakini ule mstari mwembamba wa kwenye venia, kipimo chetu cha unene wa chuma, halioni tena, na fundi asiyeona mstari wa venia anakereza kwa kubahatisha. Kwa hiyo nimetoka. Nipo nyumbani Izigo na watoto watatu, migomba, na hasira zangu zote nimekuja nazo. Na kwa kuwa ninyi mnaobaki kwenye karakana ya Miembeni hamkomi kunipigia simu, "Dada Adi, chuma hiki kinalia, nifanyeje?", nimeamua kuandika mara moja ili nipate kupika ndizi zangu bila simu sikioni.

Habari za nani alipandishwa cheo hamtazikuta humu. Karakana yetu ina vyeo viwili: mwenye karakana, na wengine.

Nilifika pale nina miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne, na cheti changu cha fizikia hakikuwa cha kutundika ukutani. Nilikuwa naomba kazi ya kuandika risiti. Mwenye karakana, Ta Projestus, alinitazama kuanzia viatu akapanda juu. (Kwa wale mliotoka mikoa mingine: Ta ndivyo Wahaya tunavyomwita mwanamume wa kuheshimiwa, hata siku ambayo hajastahili; mwanamke ni Ma.)

"Unajua kufagia?"

"Najua."

"Fagia pale chini ya lezi."

Lezi ndiyo mashine ya kukerezea vyuma. Inashika chuma kwenye taya zake, inakizungusha, na wewe unakisogezea kisu. Chini yake siku ile palikuwa na rundo la nyuzi za chuma, na mimi nikaokota moja kwa mkono mtupu. Ilikuwa ya rangi ya buluu, imejiviringa kama nywele za mtoto mchanga, bado ya moto. Iliniunguza vidole viwili. Niliipenda hapo hapo, kijinga kabisa, nikaiweka mfukoni ikatoboa sketi. Mama yangu aliuliza sketi imefanywa nini, nikamwambia nimepata kazi.

Aliyekuwa kwenye lezi ni Ta Laurean. Mwembamba, mkimya, mwimbaji wa besi katika kwaya ya Kilutheri, na alikuwa akiimba besi peke yake huku anakereza, kwa hiyo ulikuwa unasikia nyimbo nusu nusu, kama mtu anayezungumza kwenye simu. Ujanani alifanya kazi mbali na huku, kwenye kiwanda cha serikali walikokereza vipande vya bunduki. Msimwulize mtu habari za bunduki zenyewe, hakuwahi kuzisimulia. Alichosimulia miaka yote ni chuma.

"Kule," alisema, "kila fito ya chuma ilikuja na karatasi yake. Imeyeyushwa wapi, ina nini ndani, ugumu wake kiasi gani. Karatasi ikipotea, fito inarudishwa stoo, hata kama inang'aa kama kijiko cha harusi."

"Kwa nini, Ta?"

"Kwa sababu pini ya bunduki ikiwa laini inachakaa, ikiwa ngumu kupita kiasi inapasuka, na inapasukia karibu na uso wa mtu. Na ile iliyo sawasawa, ile yenyewe kabisa, ndiyo inayomtesa fundi kuikata. Visu vinakwisha, mikono inauma, msimamizi anapiga kelele kwamba umechelewa. Basi kila fundi anatamani aletewe chuma laini. Mimi pia nilitamani. Lakini siyo mimi niliyekuwa naenda kushika ile bunduki."

Hapa Bukoba chuma hakiji na karatasi. Kinakuja juu ya mkokoteni. Kwa hiyo Ta Laurean alinifundisha kusoma cheche. Alikuwa anachukua vipande vya vyuma mbalimbali, ananigeuzia mgongo nisione anachoshika, anakigusisha kwenye grenda, na mimi nataja. Cheche ndefu, nyeupe kwa manjano, zisizo na matawi mengi: chuma laini, cha geti na dirisha. Cheche fupi zinazopasuka kama nyota nyingi nyingi: chuma kigumu, springi au tupa. Cheche nyekundu zilizofifia, chache, kama zina huzuni: hicho ni chuma cha visu vya lezi, weka pembeni, usimwambie mtu. Nilikosea miezi mitatu. Kisha siku moja nikapatia tisa mfululizo, nikaruka nikagonga kichwa kwenye winchi. Yeye akasema, "Sasa unaweza kuharibu vitu ukijua unachoharibu."

Miaka minne nilikereza pembeni yake, na sijui niwaelezeeje furaha ile. Unaweka kipande kilichooza kutu, unawasha, unasogeza kisu, na ndani ya dakika moja kuna pete ya fedha inazunguka mbele yako na umeitoa wewe. Nilikuwa narudi nyumbani nanuka oili, nacheka barabarani peke yangu.

Kilichokuwa kinaniharibia ni wateja. Mtu anaingia, ananikuta nimeshika venia, nina mafuta hadi kwenye viwiko, anauliza:

"Fundi yuko wapi?"

"Unamwona."

"Fundi mwenyewe."

"Ametoka. Amekwenda kunifuata mimi."

Wengine walikaa kwenye benchi kusubiri. Kweli kabisa, walikaa.

Kisha nikajifungua mwanangu wa kwanza, Koku. Nilirudi kazini baada ya miezi mitatu, mtoto mgongoni, na nikakuta Ta Projestus amenipangia kazi mpya bila kuniuliza: kuuza boliti na nati kwenye duka la mbele. Alisema ni kwa wema. Mwenye mtoto anayenyonya hawezi lezi, mashine haisubiri titi. Na Ta Laurean mikono imeanza kutetemeka, kwa hiyo ataleta fundi mwanamume kutoka Mwanza.

Nilishika lile sanduku la boliti nikaliweka chini polepole sana. Waliokuwepo wanasema wangependelea ningelitupa.

Yaliyofuata baada ya hapo mliyaona wenyewe, miaka yote ile hadi jicho. Ila wiki ile niliyorudi hamkuwepo, na ndiyo wiki iliyonifanya fundi, kwa hiyo nitaisimulia kisha nitanyamaza.

Jumatatu alikuja Ma Yustina kutoka Kagoma, kule Muleba. Yeye ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wenye mashine ya kukoboa kahawa. Alikuja na shafti ya mashine ile, mhimili wa chuma unaoizungusha, imevunjika vipande viwili, ameifunga kwa kanga, ameibeba begani. Akaifungua juu ya kaunta, kando ya boliti zangu.

"Hii ni ya pili," alisema. "Imevunjika palepale ilipovunjika ya kwanza. Zote mbili zimetoka hapa. Mlipotengeneza ya kwanza tuliwaita mafundi. Sasa sijui tuwaiteje."

Kahawa yao kavu ilikuwa imejaa stoo hadi kwenye mbao za dari, mvua zimeanza, na lori la chama cha ushirika lilikuwa linapita Kagoma Jumamosi kuchukua kahawa iliyokobolewa tu. Likipita bila yao, msimu wa akina mama wale unaishia kwa mlanguzi. Alisema hivyo bila kupaza sauti, ndiyo maana Ta Projestus alianza kutoka jasho.

Nikachukua kipande kilichovunjika nikakipeleka kwenye grenda. Upande mmoja cheche ndefu tupu, za geti. Nikasogeza kidogo katikati: nyota kibao! Nikasogeza tena: geti. Ile fito ilikuwa mchanganyiko, chuma cha kuyeyusha ovyo ovyo, laini hapa kigumu pale, na Ta Projestus aliinunua kwa sababu ilikuwa imepakwa rangi ya kijani kichwani, rangi inayodai kuwa hiki ni chuma cha shafti. Yupo mtu mahali fulani ana kopo la rangi na brashi, anakaa anapaka uongo kwenye vyuma, na jioni anakwenda kula na watoto wake. Mpaka leo nikimfikiria natamani kumlisha hilo kopo.

"Umeanza uganga," Ta Projestus alisema.

"Angalia mwenyewe, Ta. Ndiyo maana zinavunjika. Panapokutana laini na kigumu, ndipo panapopasuka."

Nyuma ya karakana kulikuwa na hafu shafti ya lori, ile inayopeleka nguvu kwenye gurudumu la nyuma. Ilikuwa imelala kwenye majani miaka mingi. Chuma chake ni kizuri kuliko chochote tulichokuwa nacho, na hakuna aliyekigusa, kwa sababu ngozi yake ya nje imefanywa ngumu kiwandani kiasi cha kula visu. Nikaionyesha kwa kidole.

"Nipe ile. Shafti ya Ma Yustina ikikoboa Jumamosi mpaka gunia la mwisho, mimi nabaki kwenye lezi. Ikivunjika, naenda kwenye boliti bila kusema neno."

"Wewe? Bila kusema neno?" Ta Projestus alicheka. "Hiyo peke yake natamani kuiona. Haya."

Ta Laurean alikuwa amekaa kwenye stuli. Akanyoosha mikono yake mbele, ikitetemeka, tukaiangalia sote watatu. "Mimi nitatazama tu," alisema.

Chuma kigumu kinalainishwa hivi, na hili mliandike mahali: tunachimba mtaro, tunajaza mkaa, tunapuliza kwa feni, tunalaza shafti humo mpaka iwe nyekundu yote. Nyekundu ya kutosha ni ipi? Tunashika sumaku ya spika ya redio kwa koleo na kuigusisha. Ikiacha kushika, basi. Halafu inatolewa haraka na kuzikwa ndani ya maganda makavu ya kahawa. Maganda hayawaki moto, yanafuka tu polepole, yanakipoza chuma taratibu siku nzima na zaidi, na chuma kikipoa taratibu kinalainika. Sijui mikoa mingine wanatumia nini. Sisi maganda ya kahawa tunayo.

Jumatatu ileile nikapasha. Sumaku ikaachia. Koku akaanza kulia, kilio kile cha njaa kisicho na mapatano. Rundo la maganda lilikuwa nje nyuma ya ukuta, juu makavu, nikatia mkono juu, nikasema sawa, nikachota kwa sepetu nikiwa nimeinama mtoto anapiga mateke mgongoni, nikamwaga, nikailaza shafti, nikafunika.

Pshhhhhh.

"Sauti gani hiyo?" Ta Laurean aliuliza kutoka kwenye stuli.

"Mvuke, Ta."

"Mvuke wa nini?"

Nikaenda kutia mkono chini ya rundo. Mvua ya alfajiri ilikuwa imeingia chini ya rundo. Juu makavu, chini tope. Na chuma chekundu kikiguswa na maji hakilainiki, kinakuwa kigumu maradufu.

"Waitu, mwenzetu," alisema kwa upole wote wa kwaya, "umekipikia supu."

Jumanne asubuhi nilijaribu kuikata hivyohivyo, kwa kiburi. Upande mmoja kisu kilikwenda vizuri, upande wa pili kikaruka na kulia kama nguruwe. Kisu cha kwanza kikapasuka ncha. Nikanoa cha pili, kikadumu kama dakika mbili. Cha tatu kiliruka kikapita karibu na sikio langu kikagonga kalenda ya kanisa. Ta Projestus akatokea mlangoni, akaweka ufunguo wa duka la mbele juu ya lezi yangu na kuondoka.

Nilikaa chini nikamnyonyesha Koku, machozi yananitoka kwa hasira, na kicheko pia kinanitoka, sijui kilitoka wapi. Ta Laurean akauliza nacheka nini.

"Nacheka, Ta, nimekaa hapa naomba maganda ya kahawa makavu, na kule Kagoma kuna watu wana stoo nzima!"

Nikachukua pikipiki hadi Kagoma, mtoto kifuani. Ma Yustina alinisikiliza hadi mwisho. Nilimweleza kila kitu, na maji, na visu. Nilitegemea anifukuze.

"Kwa hiyo shafti yetu umeiharibu," alisema.

"Nimeifanya ngumu zaidi. Nikipata maganda makavu nitaigeuza. Siku zimebaki chache, Ma."

Akaingiza mkono hadi kwapani, chini kabisa ya rundo la maganda yaliyobaki stoo tangu kabla shafti haijavunjika, akanitolea konzi akanipakaza kwenye shavu. "Haya yana maji?"

"Hayana."

"Basi funga mdomo upakie."

Tulipakia magunia manne. Akina mama wawili walipanda nayo kwenye gari la ndizi hadi Miembeni ili wahakikishe, walisema, kwamba safari hii mtoto analishwa kabla ya chuma. Na kweli, Jumanne jioni wakati napuliza mkaa, Koku alikuwa amelala kwa mama mmoja, na mama wa pili ndiye aliyeshika sumaku. Ilipoachia akapiga vigelegele. Hakujua maana yake, aliona tu uso wangu.

Tukazika. Kimya. Hakuna mvuke, ila moshi mwembamba wenye harufu ya kahawa iliyoungua ukaanza kutambaa Miembeni nzima, na watu wakaja kuuliza kama tumefungua mgahawa.

Jumatano sikuigusa. Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya pale, na ninyi hamuiwezi, nawajua. Kila saa mnataka kufukua muone. Ta Laurean aliweka stuli yake juu ya lile kaburi akakaa.

Alhamisi asubuhi tukafukua. Ilikuwa vuguvugu kama chai ya mgonjwa. Nikaikwaruza kwa tupa, ambayo kwenye chuma kigumu huteleza tu, na tupa ikang'ata! Ikang'ata, jamani! Nikaikwaruza kila upande, ikang'ata kila upande. Ilikuwa imepinda kidogo, nikaifunga kwenye lezi, nikaizungusha taratibu huku nimeshika chaki karibu, palipotuna pakapata alama, tukainyoosha kwenye jeki, tukarudia mpaka chaki ikachora mviringo mzima.

Halafu nikasogeza kisu. Na uzi ukatoka. Mmoja, mrefu, wa buluu, haukatiki, unajiviringa unateremka hadi sakafuni unarudi juu, na sauti si ya nguruwe tena, ni sauti ya kitambaa kizuri kinachokatwa kwa mkasi. Ta Laurean akaanza besi yake. Mimi nikaimba sauti ya kwanza ambayo siijui, nikapiga kelele tu. Ijumaa nilimalizia pale beringi zinapokaa, nikapima mara saba, na venia ikasema vilevile mara saba.

Jumamosi tukaifunga Kagoma. Ta Projestus alikuja mwenyewe, amevaa shati la kanisani, akasimama mbali na mkanda wa mashine kama mtu anayesubiri mlipuko. Injini ikawashwa. Gunia la kwanza likaingia. La pili. Pale zilipovunjika zile mbili nilikuwa nimepaweka alama ya chaki, na macho ya kila mtu yalikuwa hapo. Mimi nilikaa juu ya magunia namnyonyesha Koku na sikuweza kuangalia, kwa hiyo niliwaangalia wao wanavyoangalia.

Saa sita lori likafika, dereva akaanza kulalamika, Ma Yustina akampa ndizi za kuchoma akanyamaza. Magunia yalipobaki matano, mashine ikagutuka. Lilikuwa jiwe, kahawani. Likapita, likasagwa, shafti ikaendelea kuzunguka kana kwamba haijaambiwa kitu. Saa nane na nusu likaingia gunia la mwisho, maganda yakarushwa nje, na injini ikazimwa.

Ta Projestus akasogea, akaweka kiganja juu ya nyumba ya beringi, panapowaka moto shafti ikikaa vibaya. Akakiacha hapo muda.

"Baridi," alisema.

Akajifuta mkono kwenye shati la kanisani.

"Jumatatu saa moja kamili, Adi. Kwenye lezi. Usichelewe."

"Jumatatu Koku ana kliniki. Nitafika saa nne."

Akafungua mdomo. Ma Yustina, ambaye alikuwa anahesabu magunia kwenye lori, akageuka bila kuacha kuhesabu: "Ta Projestus, amesema saa nne."

Nilifika saa nne na nusu, maana foleni ya kliniki mnaijua. Lezi ilikuwa imezimwa na hakuna aliyeigusa. Ule ufunguo wa duka ulikuwa umeondolewa. Pembeni walikuwa wamepanga hafu shafti tatu za malori, sijui walizitoa wapi. Na ndani, chini ya paa, juu ya turubai, Ta Projestus alikuwa amepiga magoti mbele ya lundo la maganda ya kahawa, mkono umezama hadi kwapani, anapapasa chini kabisa.

"Makavu," aliniambia, bila kuinua uso. "Nimeyaanika mwenyewe."